Nimeombwa kumhoji mwandishi jukwaani kwenye tamasha la vitabu, wazoefu nisaidieni

mwalimu_wa_pangani

Wakuu habari za jioni. Mi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari huku mkoa wa Tanga, si mtangazaji wala nini. Kuna tamasha la vitabu mwezi ujao na waandaaji wameniomba nikae jukwaani na mwandishi mmoja nimhoji mbele za watu, dakika 60 pamoja na maswali ya hadhira. Nimekubali ila tumbo linaniuma.

Mwandishi mwenyewe ni mzee wa umri wa baba yangu, ana riwaya nne na diwani moja ya mashairi huru, namheshimu mno, ila waliowahi kumhoji redioni wote wananiambia kitu kilekile, huyo mzee ukimuuliza swali anakujibu "ndiyo", "hapana" au "kama ulivyosoma". Sasa saa nzima ya hivyo inaishaje jamani??

Nimeandaa maswali kama 25 hivi. Naanza na historia yake, kazaliwa wapi kasoma wapi, naingia dhamira za kila kitabu, wahusika, mandhari, falsafa yake, ujumbe kwa jamii, changamoto za uandishi, namalizia na anawashauri nini vijana. Mume wangu nimemsomea kasema huo ni mtihani wa NECTA sio mazungumzo.

Naombeni pia ushauri kwenye maswali ya watu, maana huku kwetu ukimpa mtu maiki umempa shamba. Na waandaaji wanasema kutakuwa na wageni wa nje kwaiyo tuchanganye na Kiingereza. Na je hii kazi huwa inalipwa au ni heshima tu? Asanteni.

kitabu_na_kahawa

Mwalimu, mumeo kamaliza kila kitu 😂😂 mpe soda.

Seriously lakini, shida ya walimu wa fasihi wakipanda jukwaani (nimewaona wengi hapa Dar) ni kwamba wanamtahini mwandishi. Fani na maudhui. Mtu kaandika kitabu miaka sita unamuuliza dhamira kuu ni ipi, unataka akwambie nini, "dhamira kuu ni umaskini", basi, kakujibu, na yeye ndo huyo mnayesema anajibu kwa mkato. Sio kwamba mzee ni mgumu, ni swali lenyewe limefungwa, halina pa kuingilia.

Chukua kitabu, fungua, tafuta kitu kidogo kilichokukera au kilichokushangaza. Mfano tu natunga, kuna mama kwenye sura ya tatu anahesabu nauli mara mbili kabla hajampa konda. Muulize: mzee, huyu mama kwa nini anahesabu mara mbili? Utaona atakavyokaa vizuri kwenye kiti. Hapo atakuambia habari ya mama yake, ya basi la Korogwe, ya mwaka aliokosa ada, na huo umaskini uliokuwa unautafuta utakuja wenyewe bila kuitwa. Na watu chini watajua wewe umesoma, hujasoma jalada la nyuma tu.

Historia ya kuzaliwa futa. Ipo kwenye kitabu, MC ataisoma wakati anamkaribisha. "Unawashauri nini vijana" futa, choma, zika. Hakuna mwandishi amewahi kujibu hilo swali vizuri, atasema wasome sana na wasikate tamaa, tunajua.

Halafu ukishauliza NYAMAZA. Hili ndo gumu kuliko yote. Mtu akitulia sekunde tano kwako wewe jukwaani ni kama nusu saa, unaingilia unamsaidia kujibu, umemuua. Yeye anatafuta neno, mwache alitafute.

Kama unataka mfano, kasikilize ile simu Adam Smith wa taasisi ya Nobel aliyompigia Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, tarehe 7 Oktoba 2021, siku ileile tuzo yake ya Nobel ya fasihi imetangazwa. Mzee yuko zake nyumbani Uingereza, habari zenyewe ndo kwanza zimemfikia na mwanzo alidhani ni watu wanamtania. Mhoji hana muda, hana karatasi ya maswali 25. Anauliza kidogo anasikiliza, swali likienda kwenye wakimbizi Gurnah anafunguka kabisa, kwamba hawa watu hawaji mikono mitupu, wanakuja na cha kutoa. Ni dakika chache tu zile na zimebeba kuliko paneli nyingi za saa mbili nilizokaa mimi.

bint_funguni

Assalam alaykum mwalimu. Mie n'takwambia jambo moja ambalo naona mwenzangu hapo juu kalipita. Mwache asome. Mwanzo kabisa, kabla hujamuuliza chochote, mpe kitabu chake asome dakika tatu nne kwa sauti yake mwenyewe. Watu wa huku kwetu fasihi tumeijua kwa sikio kabla ya jicho, mtu akisikia maneno yamemtoka mwenyewe yule anatulia, hata aliyefuata kivuli na maji ya baridi anatulia. Usisome wewe kwa niaba yake, na usimwachie kijana wa MC mwenye lafudhi ya redio asome, utaharibu.

Ila mchagueni pahala pamoja, mapema. Waandishi wakiachiwa huchagua kurasa za mwanzo za kitabu zenye maelezo ya mji na hali ya hewa. Mwombe pahala penye watu wawili wanagombana.

La pili hiyo diwani. Mashairi huru umesema? Basi jiandae mwanangu, maana lazima atasimama mzee mmoja wa kofia aseme haya si mashairi, hayana vina, hayana mizani, hayaghaniki. Ugomvi huu una umri kuliko wewe, tangu Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 watu wanalumbana hawajamaliza. Na mwaka mmoja kabla yake ndo ilitoka *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, aliyoitunga kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, vina na mizani vyote mahala pake na moto unawaka humo ndani. Kwa hiyo wa kofia atakuja na hoja nzito, si ya kuchekwa. Usimkatize! Wengine watakwambia tuliza fujo, mie nakwambia mpe dakika zake mbili kisha mgeukie mgeni wako umuulize, unamjibuje? Washairi wetu wamejibizana magazetini miaka na miaka, mtu anatoa shairi wiki hii anajibiwa wiki ijayo, watu walikuwa wananunua gazeti kwa ajili hiyo. Hiyo ndo raha yetu. Saa ikipita bila hata mmoja kubisha basi hamkufanya kitu.

Na kama naye ana utungo wa zamani wa vina (wengi wao wanao wameficha), mwombe aughani. Si kusoma, kughani.

fundi_mitambo

Mi nafunga mitambo kwenye matamasha, vitabu sijui ila maiki najua.

Dada mwalimu unavaa ushungi? Kama unavaa, wakikuletea ile maiki ndogo ya kubana kifuani kataa. Nguo inasugua, watu watasikia kwaruu kwaruu saa nzima na wewe hutajua, wewe unajisikia uko vizuri kabisa. Omba ya kushika au ile ya kuvaa sikioni inakuja mbele ya mdomo. Mzee mpe ya kuweka kwenye stendi mezani. Wazee ukiwapa ya kushika dakika ya kwanza iko mdomoni, dakika ya tano imeshuka kifuani, dakika ya kumi anaonyeshea nayo kitu kama tochi, na fundi nyuma anapandisha sauti mpaka spika zinaanza kupiga mluzi.

Feni. Kama ni hema au ukumbi wa wazi muulize fundi feni inaelekea wapi maana ikipuliza kwenye maiki hakuna kitu kinasikika. Jenereta likae mbali na jukwaa, nimeona matamasha jenereta liko nyuma ya pazia.

Muda wenu ni saa ngapi? Kama wamewapanga saa 12 jioni mpaka saa 1 usiku kwa pwani hiyo ni Magharibi. Adhana itaingia katikati na nusu ya watu watanyanyuka. Waambie wawape saa 10.

Fika nusu saa kabla, kaeni kwenye viti wote wawili, ongeeni mnayoongea siku zote sio "helo helo moja mbili". Watu wakisema helo wanapaza, wakianza mahojiano wananong'ona.

nairobi_msomaji

Huyu fundi apewe tuzo yake.

Mwalimu mimi niko Nairobi, nimehudhuria hizi festivo nyingi tangu siku za Kwani? na Storymoja (vikundi vya fasihi vya hapa), so nikuongezee kuhusu audience. Usiwahi, narudia usiwahi, kupeana maiki. Tafuta vijana wawili wa kuishika, wanasimama kando ya mwenye kuuliza na maiki iko mkononi mwao, mtu akianza "mimi sina swali hasa ni maoni tu, na nitaanza na historia fupi" kijana anarudisha mkono polepole. Inafanya kazi. Wenzetu wa tamasha la vitabu la Hay kule Wales wanafanya hivyo na watu hawakasiriki.

Na usikusanye maswali matatu matatu. Hii tabia sijui tuliitoa wapi, naona tuliitoa semina za NGO. Mwandishi anasikia matatu, anajibu la mwisho, la kwanza limesahaulika na aliyeuliza anaenda nyumbani na kinyongo. Moja moja. Ukipata matano mazuri umeshinda.

Wanafunzi sasa. Kama kitabu chake ni seti buku au kimewahi kuwa, shule zitaleta basi zima la watoto na madaftari, wote wanataka maudhui na ploti kwa sababu ya mtihani. Usiwafukuze hao. Wape swali la kwanza kabisa, wamalize hofu yao, na wakishaandika kitu kwa daftari mwalimu wao ametulia. Mimi nimeona mtoto wa Form Two akimuuliza mwandishi mkubwa sana kwa nini alimuua mhusika fulani wakati angeweza kumwacha tu apone, na mwandishi alishikwa kabisa, akakaa kimya, akasema ukweli ni kwamba nilikuwa sijui nimfanyie nini. Profesa hawezi kuuliza swali kama hilo.

Kitu kingine. PROTOKO. Uliza mapema kama session yenu inafuata ufunguzi rasmi. Kama ndio, omba mhamishwe hata kama ni siku nyingine. Mgeni rasmi atachelewa saa moja na nusu, akifika kuna wimbo wa taifa, kuna kikundi cha ngoma, kuna "itifaki izingatiwe" ambayo kila mmoja anasema halafu bado anataja majina yote ya wakubwa waliokaa mbele, kisha hotuba. Na muda huo wote unakatwa kwa nani? Kwa mwandishi. Nimewahi kuona mtu ametoka nje ya nchi kupewa dakika kumi na mbili.

Na wakiwapekua mlangoni msinung'unike. Septemba 2013 Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana, alikuja hapa kwa Storymoja Hay, tulikuwa tumsikilize jioni ile, akauawa mchana wa tarehe 21 kwenye lile shambulio la kigaidi la duka kubwa la Westgate. Mtoto wake alijeruhiwa. Festivo ikakatizwa. Tangu hapo mimi nikifunguliwa begi nashukuru tu.

kitabu_na_kahawa

Hapo kwa tatu tatu nakuunga mkono asilimia mia. Ila bint_funguni kwenye hilo la kumpa mzee wa kofia dakika mbili, bibi yangu, dakika mbili za mzee wa kofia unazijua kweli?? 😂

bint_funguni

Nazijua sana, baba yangu alikuwa mmoja wao. Huanza na dua.

mswahili_wa_bristol

Salamu kutoka baridini. Hay iko ng'ambo ya maji tu kwangu, nimehudhuria mara nyingi, ile kitu ilianza 1988 kwenye kamji ka maduka ya vitabu vya mitumba, leo ni mahema makubwa na kila kikao kina tiketi yake. Kinachonivutia ni muda. Saa moja ni saa moja, wa kikao kinachofuata wako mlangoni wamepanga foleni, mwandishi akitoka jukwaani anapelekwa moja kwa moja duka la vitabu kusaini. Lakini sisemi tuige kila kitu, kuna vikao pale ni vikavu, watu wawili waliosoma chuo kimoja wanataniana wenyewe kwa wenyewe.

Malipo: uliza, na uliza kwa maandishi kabla hujatangazwa kwenye bango. Usione haya. Hata huku wenye hela ilikuwa ni vita, Januari 2016 mwandishi Philip Pullman alijiuzulu ulezi wa tamasha la Oxford kwa sababu waandishi walikuwa hawalipwi, akasema haiwezekani anayefunga hema alipwe, anayechapa vipeperushi alipwe, halafu ambaye watu wamekuja kumwona asilipwe. Ni kweli au si kweli? Mhoji naye anasoma vitabu vinne wiki tatu, hiyo ni kazi. Kama ni tamasha dogo halina kitu basi nauli, malazi na posho, mkubaliane, usije ukalala stendi.

Lugha: Mwalimu usikubali kuchanganya. Najua waandaaji wanawaza wafadhili waliokaa mstari wa mbele. Ila mwandishi wa Kiswahili anayeulizwa kwa Kiingereza anakuwa mtu mwingine, mfupi, mwenye tahadhari, anajibu kama yuko ubalozini. Na huenda ndo chanzo cha hiyo "ndiyo" na "hapana" yake pia, sijui alihojiwa kwa lugha gani huko. Waambie wageni wapewe karatasi yenye muhtasari, au wakae kona moja na mtu wa kuwanong'onezea. Wao ndo wageni. Gurnah mwenyewe kaandika kwa Kiingereza maisha yake yote, *Paradise* ilitoka 1994, na tumekuja kuisoma kwa Kiswahili mwaka 2022 Mkuki na Nyota walipotoa *Peponi* iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Tumengoja miaka 28! Sasa aliyeandika kwa Kiswahili tangu mwanzo tumlazimishe avuke tena aende kule?

mwalimu_wa_pangani

Jamani asanteni sana, sikutegemea. Nimekaa na vitabu vyake jana usiku kucha, maswali 25 yamebaki saba na yote yana namba ya ukurasa. Nimepata na ugomvi wa kusoma, sura ya tisa, mtu na shemeji yake wanagombania mnazi. Saa 10 wamekubali. Lugha wanasema watafikiria, nikawaambia mimi Kiingereza changu ni cha mahudhurio ya darasani tu, wakacheka, naona watakubali.

Ushungi navaa ndiyo fundi, nashukuru.

Maswali mawili ya mwisho. Nimtumie hayo maswali kabla? Na jukwaani nimwiteje, mzee, ndugu, mwalimu (na yeye aliwahi kufundisha), au jina?

kitabu_na_kahawa

Mtumie maeneo, usimtumie maswali. Mwambie tutaongea juu ya mnazi, juu ya diwani. Ukimtumia swali lenyewe atalijibu nyumbani, atalikariri, na jukwaani atakusomea. Mahojiano ya kuchapwa ni kitu kingine, jarida la Paris Review wanafanya hivyo tangu 1953, mwandishi anapitia majibu yake, anafuta, anaongeza, na yanatoka mazuri kweli. Ile ni karatasi. Yako ni ya kusikilizwa mara moja tu, inatakiwa imtoke pale pale.

Ila kuna kitu kimoja LAZIMA umuulize kabla, nini hataki kuulizwa. Kila mtu ana kitu. Mke aliyefariki, kesi, mchapishaji wa zamani waliyekosana. Muulize faragha na uheshimu.

bint_funguni

Mimi nasema nenda kamwamkie. Si simu, si WhatsApp, nenda kwa miguu yako siku moja kabla, hapo anapofikia, kunywa naye chai, mpe shikamoo yake. Usiongee kitabu kabisa. Muulize habari za njiani, za watoto, za mguu wake kama unamuuma. Mtu mzima hafunguki kwa asiyemjua mbele za watu, na hayo majibu ya "kama ulivyosoma" mie nayasikia kama ya mtu aliyekutana na mhoji wake dakika mbili kabla ya taa kuwaka.

Jina muulize hapohapo kwenye chai. Mwite atakavyotaka yeye. Akisema mwalimu, mtakuwa walimu wawili, watu watafurahi. Ila shikamoo ya jukwaani usiisahau, hadhira nzima itakuwa inaisubiri, ukianza na "karibu sana" bila kumwamkia mzee wa umri huo utakuwa umewapoteza kina mama wote wa safu ya tatu.

duka_la_vitabu_dsm

Nimechelewa ila hakuna aliyesema hili. VITABU VIPO? Yaani vya kununua, pale pale? Siwezi kuwahesabia matamasha niliyoenda mwandishi kaongea vizuri, watu wamesimama wanapiga makofi, wanatoka nje wana hela mkononi na hakuna nakala hata moja. Zile riwaya za zamani nyingine zimekwisha sokoni kabisa. Wasiliana na mchapishaji LEO, sio wiki ya tamasha, muulize nakala ngapi zipo stoo, na kama hakuna waambie waandaaji watafute hata nakala za maktaba za kuonyesha.

Meza ya kusaini iwe karibu na mlango wa kutokea, sio nyuma ya jukwaa. Mzee awekewe kiti chenye egemeo na kalamu mbili. Kijana mmoja aandike jina la mnunuzi kwenye kikaratasi kabla hajafika mezani, maana majina yetu ukiyauliza kwenye kelele mzee ataandika Mwanahamisi badala ya Mwanaidi na kitabu hakirudishwi.

Na muuzaji aje na lipa namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na chenji za elfu moja moja. Chenji mwalimu. Foleni nzima inakwama kwa mtu mmoja mwenye noti ya elfu kumi na kitabu cha elfu nane.

fundi_mitambo

Na meza ya kusaini isiwe chini ya spika tafadhali